Kipande Kilichobaki Msumarini

Mwana mkubwa wa Babu Wekesa alinipigia simu nikiwa nawapangusa watoto wa watu kamasi. Kazi yangu ndiyo hiyo: nalinda watoto katika nyumba moja hapa Kiamunyi ambapo kina mama huwaacha asubuhi na kuwachukua jioni, na siku moja, Mungu akitaka, nitafungua yangu. Akaniambia babake ametuacha hospitalini alfajiri hiyo. Kisha akasema, "Shiru, wewe ndiye ulikuwa unakaa na mzee sana. Ile nishani yake ya vita bado iko pale getini? Tuletee tumvalishe. Mzee wa Burma hawezi kuzikwa kifua kitupu."

Nikamwambia nitaenda kuangalia. Sikumwambia kwamba ile si nishani. Siri hiyo nilipewa nikiwa na miaka minane, na siri ukikaa nayo sana inakuwa kama jino, huwezi kuing'oa tu kwa simu.

Nyinyi wa rika langu mtazikumbuka ploti za wakati ule. Yetu ilikuwa na nyumba kumi za mabati zilizotazamana, mfereji mmoja, vyoo viwili kule mwisho, na geti ambalo likifungwa lilikuwa linalia kama punda. Kiamunyi ilikuwa bado ni shamba kuliko mji. Nyuma yetu ni mahindi tu, na ukigeuka unaona mlima wa Menengai umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Babu Wekesa alikaa chumba cha kwanza, kando ya geti. Hakuwa babu yetu wa damu, lakini kila mtoto wa ploti alimwita hivyo, na aliyemwita "Mzee" alikuwa anajulikana kuwa mgeni.

Alikuwa na maisha mawili nyuma yake, vita na kiwanda. Sisi tulitaka vita tu.

"Babu, kule Burma uliua watu wangapi?"

"Niliua kunguni."

"Na bunduki yako ilikuwa kubwa aje?"

"Ilikuwa ya mtu mwingine. Mimi nilibeba mchele na kuchunga nyumbu wa mizigo." Alikuwa akisema hivyo huku akiikoroga chai yake isiyo na sukari, uso umetulia kabisa. "Kila tukivuka mto tulihesabu nyumbu. Nyumbu akipotea kulikuwa na kesi. Mtu akipotea kulikuwa na barua."

Tulicheka, tukidhani ni mzaha.

Kiwanda kilikuwa cha unga, upande wa Rongai, siku hizi kimebaki magofu na njiwa. Huko alifanya kazi ya sailo mpaka kifua kikajaa vumbi wakamrudisha nyumbani. Na ni huko alikoutoa ule ubao wake.

Ubao wenyewe ulikuwa umepigiliwa kwenye nguzo ya geti, na misumari imejipanga kama meno. Kila mtoto alikuwa na kifuniko chake cha soda kilichotobolewa. Changu kilikuwa cha kijani. Cha ndugu yangu Kimani, ambaye alikuwa na miaka mitano na masikio makubwa kuliko umri wake, kilikuwa cha rangi ya machungwa. Ukitoka nje ya geti unakitundika. Ukirudi unakitoa, unakitupa kwenye mkebe wa majani chai uliokuwa chini pale. Ubao ukibaki mtupu jioni, Babu alikuwa anafunga geti. Kama kuna kifuniko kinaning'inia, hafungi, hata mvua inyeshe ya mawe.

Alitueleza kwa nini. Sailo ni kama mtungi wa bati unaotaka kufika mawinguni, umejaa mahindi. Mahindi yakigandana ndani, mtu anateremshwa na kijiti kirefu ayachokoe. Kabla hajaingia anatundika kipande chake cha shaba chenye namba, na akitoka anakitoa. Mradi kipande kinaning'inia, hakuna mtu anayeruhusiwa kufungua mlango wa chini, hata mwenye kiwanda mwenyewe. Kwa sababu mlango ukifunguliwa, mahindi yanaanza kutembea, na yanatembea na mtu.

"Sasa nje ya geti hii ndiyo sailo," alisema. "Na mtu asiwahi kutoa kipande cha mwenzake mpaka amwone mwenyewe kwa macho."

Yeye pia alikuwa na chake, cha shaba, namba kumi na saba. Hata akienda dukani kununua kiberiti alikuwa anakitundika, akirudi anakitoa. Lakini juu ya ubao, kwenye msumari wa peke yake, palikuwa na kipande kingine cha shaba, namba arobaini na moja. Hicho hakikuwahi kutoka. Sisi tuliamua hiyo ndiyo nishani. Mimi, ambaye nilikuwa naota ndoto hata nikiwa macho, nilikuwa nimeitungia hadithi nzima: arobaini na moja ni maadui aliowashinda peke yake akiwa juu ya nyumbu. Niliwauzia wenzangu hadithi hiyo, wakanunua.

Mama yangu hakuupenda ule ubao hata kidogo. Alikuwa anauza viazi kando ya barabara na kurudi jioni na magoti yenye udongo, na siku moja alisimama getini na gunia lake mgongoni akasema, "Mzee, na heshima zote, kwetu watu hawahesabiwi. Ukihesabu watoto unaita kifo nacho kije kihesabu."

"Mimi sihesabu watoto, Mama Shiru. Nahesabu vifuniko."

"Nyuma ya kila kifuniko kuna mtoto."

"Ndiyo maana nahesabu."

Mama wa Chebet, jirani yetu, akamuunga mama mkono, kwamba hata kwao Baringo hakuna mtu husema ana watoto wangapi, unasema tu wapo. Babu aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, na jioni hiyo akahesabu kama kawaida, ila kwa kunong'ona.

Sasa, udongo wa kwetu ni majivu ya zamani, ya wakati ule mlima ulikuwa unatema moto. Ukikauka unapepea, ukinyeshewa sana unafunguka. Mvua za msimu ule zilikuwa nyingi, na asubuhi moja tukaamka tukakuta ufa nyuma ya mahindi, mrefu kama njia ya ng'ombe. Watu wazima wakauziba kwa matawi ya miiba na kutukataza tusifike. Kwa hivyo tulifika kila siku. Tulikuwa tunatupa mawe na kusikiliza.

Siku hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Kimani. Alikuwa na gari lake la waya, na gari likamponyoka likapita chini ya miiba, likasimama kwenye ukingo. Akalala kifudifudi, ananyoosha mkono. Mimi nilikuwa natazama jua. Saa kumi na moja kamili kwa kina Chebet kulikuwa na ile filamu ya Wamexico, na siku hiyo yule dada maskini alikuwa anaolewa. Nilikuwa nimengoja harusi hiyo kama yangu.

"Twende," nikasema.

"Gari langu limeshuka kidogo tu. Tangulia, nakuja."

"Kimani, twende."

"Nakuja, Shiru. Nakuja sasa hivi."

Nikatangulia.

Pale getini Babu hakuwepo, alikuwa ndani akipuliza jiko. Ubaoni kulikuwa na vifuniko viwili tu, vyetu. Nikatoa changu. Halafu nikatoa na cha machungwa. Mpaka leo nauona ule mkono wangu, mdogo, na kucha zenye majivu, unavyokwenda wenyewe. Nilijua kikibaki Babu ataniuliza, na akiniuliza atanituma nimrudie, na harusi itaisha bila mimi. Na Kimani si amesema anakuja? Nikavitupa vyote kwenye mkebe, vikalia mara mbili.

Nilikuwa nimekaa sakafuni kwa kina Chebet niliposikia geti linalia. Babu alikuwa anafunga. Nikamsikia akisema, kama kila siku, "Ubao safi."

Mvua ikaanguka papo hapo. Wanaojua mvua juu ya mabati wanajua: hakuna sauti nyingine duniani. Watu kwenye televisheni walifungua midomo na hakuna neno lililotoka. Nikatazama mlango. Nikajiambia Kimani atabisha geti, atafunguliwa, atakuja amelowa, nitamcheka. Nikahesabu mpaka hamsini. Nikahesabu tena. Sikumbuki hata kama yule dada aliolewa.

Mvua ilipopungua mama akafika, akachungulia. "Shiru, ndugu yako ako wapi?"

"Ako choo," nikasema.

Uongo una miguu mifupi, lakini ule ulikimbia. Mama akaenda chooni, akarudi. Akaingia nyumba kwa nyumba. Ndani ya dakika chache ploti nzima ilikuwa nje, na kila mtu akamwuliza Babu Wekesa, na Babu akajibu bila kusita, "Mtoto ako ndani. Ubao uko mtupu. Geti nimefunga mwenyewe. Tafuteni ndani."

Na kwa sababu Babu alikuwa hajawahi kukosea, walitafuta ndani. Waliinua vitanda. Walifungua magunia ya makaa. Baba Chebet akapanda juu ya tangi la maji akafungua kifuniko, na wanawake wote wakanyamaza mpaka aliposema, "Hayuko." Mimi nilisimama kando ya mfereji. Kila mahali walipotafuta nilijua hayupo. Kila mlango uliofunguliwa ulikuwa muda unaopotea, na ni mimi tu nilijua unapotea. Lakini nilikuwa nimeshasema choo. Nilidhani, kwa akili ya miaka minane, kwamba uongo ukishausema lazima uungoje mpaka uwe kweli.

Mama akageuka kwa Babu. "Wewe na kuhesabu kwako. Nilikwambia. Nilikwambia, Mzee."

Babu aliingia chumbani mwake, na kupitia mlangoni nikamwona anapiga magoti, yule mzee, mkono mmoja umeshika kitanda, anachungulia chini ya kitanda chake mwenyewe. Koti lake la kaki lilikuwa limepanda mgongoni. Alikuwa anaita polepole, "Kimani. Kimani, baba, toka, hakuna mtu atakuchapa."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikaingia nikamshika koti.

"Babu. Kile cha Kimani nilitoa mimi."

Aligeuka. Nilingoja kofi. Hakunitazama mimi, alitazama juu ya kichwa changu, nje, kwenye nguzo ya geti, ambako arobaini na moja ilikuwa inadondosha matone ya mvua. Alifunga macho muda wa pumzi moja.

"Umemwacha wapi?"

"Kwa ufa."

Alisimama. Sijui alisimama vipi haraka hivyo. Alitoka uani na akatoa sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia, sauti ya mtu aliyewahi kupigia kelele nyumbu ng'ambo ya mto. "Ng'oeni milango."

Watu wakamtazama.

"Milango. Ya vyoo, ya nyumba, yote. Mtoto ako kwa ufa. Leteni milango na sufuria, na mtu asikimbie mbele yangu."

Mama alikuwa ameshakimbia. Baba Chebet akachukua mtaimbo akaanza kung'oa bawaba, mlango baada ya mlango, na wa kwanza kung'oka ulikuwa wa nyumba yetu.

Kimani alikuwa ndani ya ufa, si chini sana, kimo cha mtu mzima hivi. Majivu yalikuwa yamemfika kwapani. Alikuwa halii tena. Mama alikuwa kwenye ukingo anamnyooshea mkono, na kila akisogea, udongo ulikuwa unamiminika kutoka chini ya magoti yake kama nafaka, unamwangukia mwanawe kifuani.

"Mama Shiru, rudi nyuma," Babu alisema. "Unammwagia. Rudi na tumbo, usisimame."

"Nitamvuta."

"Ukimvuta utamkata. Haya ni kama mahindi, hayaachi mguu. Rudi, mama yangu. Nakuomba."

Mama akarudi na tumbo. Wakalaza milango kwenye ukingo wote, ubavu kwa ubavu, kama sakafu, ili uzito wa watu utawanyike. Miwili mirefu, ya vyoo, Babu alisema iteremshwe ndani imzunguke Kimani, ikandamizwe polepole, iwe ukuta kati yake na majivu. Alihitajika mtu mwembamba wa kulala juu ya mbao na kuchota. Wanaume walitazamana matumbo. Mama akavua leso yake, akafungwa kamba kiunoni, akatambaa juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe na sufuria ya ugali mkononi.

"Chota," Babu alikuwa anasema. "Usimvute. Chota, mwaga nyuma. Chota." Kisha kwa Kimani, sauti nyingine kabisa, "Mwanajeshi, kifuniko chako ni cha rangi gani?"

Kimya.

"Mwanajeshi, nimesahau. Ni cha kijani?"

Kutoka chini, sauti ndogo yenye vumbi. "Ya kijani ni ya Shiru."

"Na chako?"

"Machungwa."

"Sema tena, sikii, mimi ni mzee."

Alimfanya aseme rangi hiyo, sijui mara ngapi, huku sufuria ikikwaruza mbao. Wakati mmoja udongo wa upande wa pili ulishuka wote kwa pamoja, ukagonga mlango wa choo, na mlango ukainama. Mlango ukashikilia. Mama hakuinua hata kichwa, aliendelea kuchota. Kulikuwa bado na mwanga kidogo juu ya Menengai alipoyafikia magoti ya Kimani, na ndipo Babu akasema, "Sasa. Mvute sasa." Kimani akatoka kama mche wa mboga, akiwa amelishika gari lake la waya.

Siku iliyofuata ploti nzima haikuwa na milango, na watu walizungumza mambo yao mbele ya wote. Nilisikia mama anamwuliza Babu, bila hasira, kwa uchovu tu, ilikuwaje ubao ukadanganya. Babu akasema, "Ni mimi nilifunga geti." Basi. Hakunitaja. Ningeweza kuiacha hapo. Hakuna mtu angejua.

Jioni aliniita, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akatazama juu, kwenye ile nishani.

"Hiyo ilikuwa ya Sang," akasema. "Kijana wa Njoro, mcheshi. Alikuwa na tabia ya kusahau kipande chake ubaoni na kwenda nyumbani bila kukitoa. Siku moja zamu imeisha, nikakiona kinaning'inia. Nikasema, huyu amesahau tena. Nikakitoa nimpelekee. Nilifika mpaka mlango wa kantini nikiwa nacho mfukoni." Alisugua goti lake. "Nyuma yangu wakafungua mlango wa chini."

Sikuelewa yote. Nilielewa ya kutosha.

"Walisema marehemu aliingia bila kutundika. Walimwandikia mama yake hivyo, kwamba ni makosa yake. Mimi nilikuwa nacho mfukoni, Shiru, na nikanyamaza. Wewe umenyamaza muda wa mvua moja. Halafu ukasema. Mimi sijasema mpaka leo." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Siku nitakapokuwa sipo, wewe sema. Mimi nimeshindwa."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mama, aliyekuwa anamenya viazi, nikamwambia ni mimi. Nilidhani atanichapa na mwiko. Aliendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikawa kidogo kama yai la njiwa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, aliokota kifuniko cha soda, akakitoboa kwa msumari na jiwe, akakitundika ubaoni huku ametazama pembeni, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Tangu hapo hakuwahi kutoka bila kukitundika.

Kwa hivyo baada ya ile simu nilitembea mpaka ploti ya zamani. Geti ni jipya, la chuma, halilii. Ubao bado upo. Siku waliyombeba kwenda hospitalini, Babu aliwasimamisha pale, akiwa juu ya machela, akatundika chake kwa mkono wake. Kumi na saba ilikuwa inaning'inia, na juu yake arobaini na moja, imeingia kutu ya kijani.

Niliinua mkono, nikaushusha. Nikaenda kwanza hospitalini, kwenye chumba cha baridi, nikamwambia yule mhudumu mimi ni mjukuu. Akafunua shuka. Nilimtazama Babu kwa macho yangu, uso wake na ile alama ya kovu kidevuni, mpaka nikatosheka. Ndipo nikarudi ploti nikatoa kumi na saba.

Nilimkabidhi mwanawe kipande hicho siku ya mazishi, kabla sanduku halijafungwa, nikamweleza yote, tumesimama nyuma ya hema ambako watu hawasikii. Alikuwa mzee mwenyewe, mvi zimejaa. Alikigeuza kile kipande mkononi mara nyingi.

"Na ile nyingine?" akauliza.

"Tuiache," nikasema. "Mwenyewe bado hatujamwona."